Mali Kauli: Vijana Waliovuka Bahari Kuja Dukani



Kamati ya jarida hili la maadhimisho ilipotukabidhi kurasa za historia, ilitarajia, nasi pia tulitarajia, kwamba tungeandika juu ya jengo: nani alitoa kiwanja, nani aligharimia marumaru, sanamu ziliwekwa wakfu siku gani. Habari hizo zimekwisha kuelezwa katika majarida yaliyotangulia, na ubao wa wafadhili uko ukutani kwa kila mwenye macho. Safari hii tumeona heri tuandike juu ya watu ambao walipofika pwani hii hawakuwa na cha kutoa. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 12, 13 au 15. Walikuja kufanya kazi.

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja ambalo hata watoto wetu hurudi nalo kutoka shuleni. Husemwa kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wazao wa vibarua waliojenga Reli ya Uganda. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1896 na 1901 watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi ile, wengi wao wakiwa wenyeji wa Punjab, na kwamba karibu 2,500 walifia njiani. Lakini walio wengi kati ya waliosalimika walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wazee wetu sisi, watu wa Kachchh na Kathiawar, walikuja kwa njia nyingine, ambayo haikuandikwa sana kwa sababu haikupitia ofisi yoyote. Walikuja kwa barua.

Barua hiyo ilikuwa fupi. Mtu wa ukoo aliyekwisha kufungua duka Unguja, Bagamoyo, Mombasa au bara alimwandikia ndugu yake kijijini kwamba kazi imezidi, na iwapo yuko kijana mwenye mwandiko mzuri na asiye mvivu, aletwe msimu ujao. Kijijini hapakuwa na haja ya kujadili mengi. Nchi ya Kathiawar ni kavu. Shamba lililogawanywa kwa wana watatu halikumtosha wa nne. Mwaka 1956 wa kalenda ya Vikram, yaani 1899 hadi 1900, mvua zilikosekana kabisa, ng'ombe wakafa kwa maelfu, na watu wakafuata ng'ombe. Hadi leo katika nyumba za Wagujarati njaa ile huitwa kwa namba ya mwaka wake tu, Chhappaniyo, yaani ya hamsini na sita. Mtoto aliyeuona mwaka ule hakubembelezwa sana kuondoka.

Waliotangulia walikuja na majahazi. Kaskazi, aanzaye kuvuma kwenye Desemba, ndiye aliyeyaleta kutoka bandari za Mandvi na Porbandar, na kusi ndiye aliyeyarudisha. Hivyo aliyeshuka pwani hii alijua kwamba hata kama moyo ungemshinda siku ya pili, njia ya kurudi haikuwapo mpaka upepo ugeuke. Tangu miaka ya 1870 meli za moshi zilianza kupita kwa ratiba, na safari ikafupika. Abiria wa sitahani aliendelea kulala juu ya mkeka wake, akila alichofungiwa na mama yake mpaka kikauke.

Palikuwa na jambo jingine zito, ambalo majirani zetu huenda hawalijui. Kwa Wahindu wengi wa zama zile, kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa ni kuchafuka. Aliyevuka angeweza kutengwa na jamii yake, asiolewe kwake wala asioe kwao, mpaka afanyiwe ibada ya kutakaswa. Mohandas Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, alipokusudia kwenda London mwaka 1888 akiwa hajatimiza miaka 19, wazee wa jamii yake pale Bombay walimwita barazani, wakamkataza, naye alipokaidi wakamtenga. Mama yake alikuwa amemwachia kwa sharti la viapo vitatu: asiguse nyama, wala pombe, wala mwanamke. Viapo vya namna hiyo walipewa wengi, na si wote waliokuwa wakienda kusomea sheria. Kijana aliyekuja kupima chumvi Pangani naye aliapa mbele ya mama yake.

Na kwa kuwa tumemtaja Gandhi, tukumbushe kwamba naye alipita hapa. Mwezi wa Aprili mwaka 1893, akiwa na miaka 23 na kazi ya mwaka mmoja aliyopewa na kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu wa kwao, kwa malipo ya pauni 105 na nauli, alikuwa safarini kwenda Afrika Kusini. Meli ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja alikongoja meli nyingine kwa zaidi ya wiki. Pale Lamu alishuka kutazama mji, akaingia posta, akakuta makarani ni Wahindi, akafurahi, akaketi kuongea nao. Kidogo meli imwache. Historia inamfuata Gandhi katika safari yake. Sisi tunatamani kujua habari za wale makarani wa posta: nani aliwaandikia barua ya kuja, na nani aliwapikia.

Tunawajua waliofanikiwa. Ndugu yetu Mwismailia Allidina Visram, mtu wa Kachchh, alifika mwaka 1863 akiwa na miaka 12 hivi, akaanzia Bagamoyo, na kabla ya kufa mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yamefika Uganda. Nanji Kalidas Mehta aliondoka kijiji cha Gorana karibu na Porbandar akiwa kijana mdogo mno. Mwaka 1924 alianzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi. Muljibhai Madhvani aliwafuata jamaa zake Uganda mwaka 1908 akiwa na miaka 14, na kiwanda chake cha Kakira kilianza mwaka 1930. Vitabu vimewaeleza, nasi tunawaheshimu. Lakini ukisoma maisha yao haraka utadhani kila aliyeshuka jahazini alikuwa njiani kwenda kujenga kiwanda. Haikuwa hivyo.

Turudi basi dukani. Kijana aliamka kabla ya jua, akafagia, akanyunyiza maji mbele ya mlango vumbi litulie, akawasha taa na ubani mbele ya picha ya Lakshmi au Ganesha. Kisha akafungua milango ya mbao. Kutwa alikata merikani na kaniki, akapima kwa kibaba na pishi, akamimina mafuta ya taa kutoka kwenye debe, akahesabu rupia na pesa nane. Jioni, wateja walipokwisha, ndipo kazi yenyewe ilipoanza: mwandishi mkuu alimketisha chini, mguu mmoja umekunjwa, daftari refu lenye jalada la kitambaa chekundu juu ya goti, akamfundisha hesabu za Kigujarati, upande wa kulia na upande wa kushoto, mpaka zilingane. Zisipolingana, hakulala mtu. Alipolala, alilala juu ya kaunta au kati ya magunia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mlinzi pia.

Chakula chao kilikuwa khichdi, mchele na choroko katika sufuria moja, kilichopikwa na wavulana wasiojua kupika. Mmoja wa wazee wetu alikuwa akisema kwamba hakumlilia mama yake siku ya kuondoka. Alimlilia siku ya kwanza alipounguza chungu.

Lugha aliifundishwa na wateja, na wateja hawakumhurumia. Maneno mengi aliyakuta yamemtangulia: duka, pesa, laki, hundi. Lakini mengine yalikuwa mtego. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, dada ni babu mzaa baba, na mama ni mjomba. Kijana aliyeambiwa na mtoto wa jirani kwamba deni la sukari atakuja kulipa mama, alitazamia mwanamume mwenye masharubu. Na alipomwita tajiri wake kaka, kwa adabu ya kwao, wachukuzi mlangoni walidhani tajiri ana mdogo wake. Twacheka, lakini ndivyo jirani na jirani walivyofahamiana, kwa kukosea.

Sasa tufike kwenye mkataba. Kwa desturi ulikuwa wa miaka 3, ingawa mara nyingi haukuandikwa. Kijana alipata chakula, mahali pa kulala, na mshahara mdogo ambao hakutiwa mkononi: uliandikwa chini ya jina lake daftarini, nauli ikakatwa kwanza. Wapo waliotunzwa kama wana wa kuzaa. Wapo walioonewa, na hawa hawakuwa na wa kumlalamikia, maana tajiri ndiye aliyekuwa mtu wa ukoo, ndiye aliyemjua baba, na barua ya kwenda nyumbani iliandikwa mbele yake. Udugu uliomleta mtoto huyu ndio huo huo uliomfunga mdomo. Tunalisema hili kwa sababu katika sherehe zetu tumezoea kuusifu udugu kwa upande mmoja tu.

Na kilichomgeuza mvulana huyu kuwa mtu mzima hakikuwa bahari, wala ndevu. Kilikuwa ni mali kauli.

Wasomaji wetu wafanyabiashara wanalijua neno hili. Kwa wengine tueleze. Mali kauli ni bidhaa unazokabidhiwa bila kulipa, kwa neno lako tu, uende ukauze, kisha ulete fedha ya mwenyewe na ubaki na faida. Siku tajiri aliporidhika na kijana wake, mara nyingi baada ya Diwali, madaftari ya zamani yalipofungwa na mapya kufunguliwa kwa ibada ya Lakshmi, alimwita akamwonyesha marobota ya nguo, magunia ya chumvi, sukari, viberiti, akamwambia apande treni mpaka stesheni fulani, au afuate njia ya miguu mpaka kijiji fulani, akaezeke kibanda cha bati. Kijana aliuza huko, akanunua ufuta, karanga, nta au pamba ya wakulima, akaiteremsha pwani, akafutiwa deni, akapewa tena. Haikuwa sadaka. Tajiri alipata faida ya bidhaa alizotoa na faida ya mazao yaliyorudi. Wengine walishindwa, mvua ilipokosekana mkulima hakulipa, na mwenye kibanda hakuweza kumlipa wa pwani, na wa pwani alikuwa na deni lake Bombay. Wengine walikufa kwa homa huko huko. Lakini aliyefaulu mara mbili tatu alikuwa tajiri mdogo, na msimu uliofuata aliandika barua kijijini kwamba kazi imezidi.

Ndipo alipofikiriwa mke. Kwa muda mrefu wafanyabiashara wa Kihindu wa Unguja hawakuleta wake zao. Walirudi, wakaoa, wakazaa, wakasafiri tena peke yao. Desturi ilipolegea, bibi harusi wa miaka 15 au 16 alivuka bahari ile ile kuja kwa mume ambaye pengine hakuwahi kukaa naye hata mwezi. Huyu naye alianza kazi siku ya pili. Alipika kwa ajili ya mumewe na kwa ajili ya wavulana wawili watatu waliolala dukani, aliketi kaunta mumewe alipokwenda kununua mazao, alijifunza Kiswahili kwa wanawake wa mtaa waliokuja kununua kanga. Mshahara wake haukuandikwa katika upande wowote wa daftari. Kama kweli khichdi ilikoma kuungua, ni kwa ajili yake.

Ibada nayo, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ilianza chumbani kabla ya kupata jengo. Nyuma ya duka la mmojawapo palitundikwa picha ya Krishna, na usiku, hesabu zikishalingana, wavulana wa maduka yote waliketi sakafuni wakaimba bhajan. Tunaamini kwamba wengi wao hawakufuata mafundisho makubwa. Walifuata sauti za lugha ya nyumbani. Hekalu hili lilichipuka katika chumba cha namna hiyo.

Hapa yatubidi tuandike aya ambayo wazee wawili waliosoma rasimu walituomba tuiondoe, wakisema maadhimisho ni wakati wa furaha. Tumewasikiliza kwa heshima, na tumeiacha.

Katika duka lile palikuwa na kijana wa pili. Naye aliondoka kwao akiwa na miaka 13 au 15. Pengine alikuwa amemfuata kaka yake mkubwa aliyeandikwa manamba katika mashamba ya mkonge, mahali ambapo mtu alijulikana kwa namba, na siku 30 za kazi zilihesabiwa moja moja kwenye kipande. Akaona kazi ile itamuua, akaingia mjini kutafuta nyingine. Naye alimwacha mama mlangoni. Alibeba magunia, alifagia, alipima kwa pishi ile ile, na baada ya mwaka alizungumza Kikachi kuliko sisi wajukuu tunavyokizungumza leo. Aliujua mwaka mzuri na mwaka mbaya wa ufuta bila kutazama daftari. Usiku mwenzake alilala ndani ya duka, yeye akalala barazani. Na miaka 3 ilipokwisha, mwenzake alipewa mali kauli, yeye akapewa kanzu ya sikukuu.

Inaweza kujibiwa kwamba sheria ilikataza. Ni kweli kwamba utawala wa Kiingereza katika Tanganyika uliwekea mipaka mikopo ya wafanyabiashara kwa Waafrika, kwa madai ya kuwalinda wasizame katika madeni, na tajiri aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuwa na mahakama ya kumdai. Lakini tusijifiche nyuma ya sheria hiyo. Mali kauli kwa asili yake haikuhitaji mahakama, ilihitaji kauli. Tajiri hakumshtaki mpwa wake popote: alimwamini kwa sababu alimjua baba yake. Baba wa kijana yule wa pili aliishi mwendo wa siku mbili kutoka dukani, na kwa miaka yote ile hakuna aliyekwenda kumjua.

Majirani walikuwa na lao la kusema, nao walilisema kwa methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tangu utotoni tumeisikia tukidhani ni tusi, na kwa nusu ni tusi. Nusu ya pili ni ungamo kwamba kiatu kilihitajika. Lipo pia neno bepari. Kwetu vepari ni mchuuzi tu, mtu afanyaye biashara, jina la heshima. Baadhi ya koo zetu zinalitumia kama jina la ukoo. Liliingia Kiswahili kwa maana hiyo hiyo. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 lilisikika redioni likimaanisha mnyonyaji. Baba zetu walikerwa wakisema neno lao limeibwa. Huenda. Lakini neno haliwezi kugeuzwa hivyo mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuligeuzia, na kijana yule wa barazani alikuwa amekwisha kuwa mzee mwenye wajukuu wanaosikiliza redio.

Yaliyofuata yanajulikana, hatutayakalia. Mwaka 1971 majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na serikali ya Tanzania. Mwaka 1972 Wahindi wa Uganda walipewa siku 90 kuondoka. Vijana wa jamii yetu walianza tena kufunga masanduku, safari hii kwenda Leicester, London na Toronto, ambako walipokelewa na binamu aliyetangulia, wakalala chumba cha juu ya duka, wakapanga bidhaa rafuni usiku na kusoma mchana. Mmoja aliyerudi kututembelea alituambia kwamba jambo lililomwumiza kule halikuwa baridi. Benki ilimwuliza ni nani anayemjua.

Sasa tunalo ombi, na ndilo lililotufanya tuandike. Katika nyumba zetu yamesalia baadhi ya madaftari yale mekundu. Tumeyapitia machache kwa msaada wa wazee wanaosoma mwandiko wa zamani. Wavulana waliotoka Kachchh na Kathiawar wameandikwa humo kwa majina yao, majina ya baba zao na vijiji vyao. Kijana wa pili ameandikwa malipo yake kila mwezi bila kukosa hata senti, na mahali pa jina pameandikwa: boi. Ukurasa baada ya ukurasa, pengine ni watu watatu tofauti, pengine ni mmoja kwa miaka 20.

Hekalu litachapisha kitabu kidogo cha majina ya wote waliofanya kazi katika maduka ya mtaa huu kabla ya uhuru, makarani, wake na wasaidizi, pasipo kupangwa kwa madhehebu wala kabila. Majina ya makarani tunayo. Ya wake tunayakusanya kwa bibi zetu. Jirani yetu, iwapo babu yako alifanya kazi katika mojawapo ya maduka hayo, tafadhali fika ofisi ya hekalu jioni yoyote baada ya aarti. Njoo na jina lake, jina la baba yake, na kijiji alichotoka. Picha ikiwapo tutainakili na kukurudishia siku hiyo hiyo.